REDIO YA TAIFA NI MALI YA NANI?

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani, yaliyoandikwa ili yasomwe katika makundi ya wasikilizaji

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya redio yenyewe. Pengine mtasema: watu wana njaa, watoto hawasomi, na ninyi mnatuletea habari ya redio? Ndiyo, na tutawaeleza sababu. Wakati wa vita kila familia inakata shauri kwa yale iliyoyasikia. Tukimbie usiku huu ao tungoje asubuhi? Turudi kupanda mahindi ao tubaki hapa? Njia ya soko iko wazi ao imefungwa? Mtu hawezi kwenda mwenyewe kuona kwa macho yake. Anafungua redio. Ikisema kweli, anaweza kuokoka. Ikisema uongo, anaweza kutembea moja kwa moja hadi mkononi mwa wauaji, ao kumwinukia jirani asiye na kosa lolote.

Basi tunauliza hivi: redio ya taifa, ile inayolishwa kwa feza ya watu wote, ni mali ya nani? Ni ya mkubwa anayekaa Kinshasa? Ni ya yule aliyeshika mji kwa bunduki? Ao ni yetu sisi tunaosikiliza? Ili tujibu sawasawa, turudi nyuma, tuone njia ambayo redio ilipita katika nchi yetu.

REDIO YA WAKOLONI

Redio ya serikali ya wakoloni, iliyoitwa Radio Congo Belge, ilianza kusema huko Léopoldville mwaka 1940. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili. Ubelgiji ilikuwa imeshikwa na Wajerumani, na wakubwa wake walitaka sauti yao isikike kutoka Kongo. Redio ile ilisema na Wazungu, kwa lugha za Wazungu. Mwafrika aliyefanya kazi migodini, aliyebeba mizigo, aliyelipa kodi, hakuhesabiwa kuwa msikilizaji.

Ni baada ya vita tu, kuelekea mwaka 1949, ndipo vipindi kwa ajili ya Waafrika vilipoanza kupangwa sawasawa, katika lugha ambazo watu waliongea nyumbani. Lilikuwa jambo jema. Watu walisikia muziki wao na lugha yao. Lakini tuangalie vizuri: serikali ilisema, watu wakasikiliza. Mwafrika alifundishwa usafi, kazi na utii. Hakuulizwa anafikiri nini. Redio ilikuwa na mdomo lakini haikuwa na masikio. Ugonjwa ule haukuondoka pamoja na Wabelgiji.

MLANGO WA REDIO MWAKA 1960

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Haukupita hata mwezi wa tatu, na redio ikawa kitu cha kugombaniwa. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, Rais Joseph Kasa-Vubu alikwenda kwenye redio ya Léopoldville akatangaza kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Usiku ule ule Lumumba naye akakimbilia kwenye redio, akasema kwamba rais ndiye hana tena kazi. Fikirini mwananchi aliyeketi nyumbani kwake: kwa usiku mmoja, katika redio moja, anasikia serikali mbili.

Kesho yake, tarehe 6 Septemba, wakubwa wa Umoja wa Mataifa, yaani ONU, waliifunga redio. Walisema ni kwa kulinda utulivu. Lakini kufunga mlango hakukuwa sawa kwa wote wawili. Watu wa Kasa-Vubu waliweza kusema kwa redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba hakuwa na njia ile. Tarehe 11 Septemba alijaribu kuingia katika jengo la redio ya nchi yake mwenyewe, na askari wa Ghana waliolinda kwa jina la ONU wakamzuia. Siku tatu baadaye, tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu alitangaza katika redio kwamba jeshi linawaweka kando wanasiasa wote.

Kutoka siku zile wakubwa wetu walijifunza somo baya: mwenye kushika redio ameshika nchi. Tangu hapo, mtu akitaka kupindua serikali ao kuteka mji, anapeleka askari kwenye redio. Hakuna aliyejiuliza: na mwenye kusikiliza, yeye anapata nini?

REDIO YA SIFA

Mobutu alipochukua utawala mwezi wa Novemba 1965, alilishika somo lile kwa miaka zaidi ya thelathini. Televisheni ilianza mwaka 1966. Nchi ilipoitwa Zaire, redio ikaitwa Voix du Zaïre, Sauti ya Zaire. Ninyi wazee mnakumbuka. Habari za televisheni zilifunguliwa kwa picha ya Mobutu akishuka kutoka mawinguni, sawa na Mungu. Kulikuwa na nyimbo, ngoma na sifa.

Tuwe wa haki: redio ile haikuwa mbaya kwa kila kitu. Iliongea Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo pamoja na Kifaransa. Ilipeleka muziki wa Kongo mbali sana. Vituo vya mikoani, kama vya Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, vilisoma matangazo ya vifo, na mtu wa mbali aliweza kujua kwamba mama yake amefariki. Kazi kama hiyo ndiyo huduma ya kweli.

Lakini daraja lilipovunjika, redio haikusema. Mwalimu alipokosa mshahara, redio haikusema. Watu walipokamatwa usiku, redio ilipiga muziki. Basi watu walifanya nini? Walitengeneza redio yao nyingine isiyo na waya wala betri, ile iliyoitwa radio trottoir, yaani redio ya barabarani. Ilikuwa maneno ya kunong'onezana sokoni, kwenye basi na kwenye matanga. Mara nyingine redio ya barabarani ilisema kweli ambayo redio ya taifa iliificha. Mara nyingine ilibeba uongo na chuki, na hakuna aliyeweza kuisahihisha, kwa sababu hakuna aliyeiamini tena redio ya taifa.

Tushike neno hili, ndugu zangu: redio ya taifa ikikataa kusema kweli, watu hawanyamazi. Wanatafuta habari mahali pengine. Na mahali pengine pale panaweza kuwa kinywani mwa mtu anayetafuta damu.

Mwaka 1991 mlango ulifunguka kidogo. Konferensi Kuu ya Taifa ilianza Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991, na vikao vyake vilipelekwa kwa redio na televisheni. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, watu walisikia makosa ya utawala yakitajwa waziwazi katika redio ya taifa. Serikali ilipousimamisha mkutano mwezi wa Januari 1992, watu hawakukubali. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana kwa amani, wakidai mkutano urudie. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Mkutano ulirudia mwezi wa Aprili. Watu wale walitoa maisha yao ili wananchi wasemeshane na wasikilizane. Tusiwasahau.

WAKATI REDIO INAPOUA

Sasa tusikilize kilichowapata jirani zetu, kwa sababu moto wa Rwanda uliunguza hata nyumba zetu. Wengi wanazungumza juu ya RTLM, redio ya watu binafsi iliyoanza mwaka 1993 na iliyowachochea watu kuua mwaka 1994. Ni kweli. Lakini wachache wanakumbuka kwamba redio ya taifa ilitangulia. Tarehe 3 Machi 1992, Radio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma mara kadhaa tangazo lililodai kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Wahutu. Tangazo lile lilikuwa la uongo. Baada yake mauaji yakaanza katika Bugesera, na mamia ya Watutsi waliuawa. Mama mmoja Mwitaliano aliyeishi Nyamata, Antonia Locatelli, alizieleza redio za nje kwamba mauaji yale yamepangwa. Baada ya siku chache naye akauawa.

Mkubwa wa ofisi ya habari ya Rwanda wakati ule, Ferdinand Nahimana, aliondolewa. Kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha, na katika rufaa ya mwaka 2007 kikawa miaka 30. Kwa hiyo maneno ya redio yana hukumu yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini katika ile njia fupi watu wengi walikwisha kufa.

Na tusiwanyoshee kidole jirani tu. Mwezi wa Agosti 1998, vita vilipoanza tena hapa kwetu, sauti ya afisa mmoja wa jeshi ilisikika katika redio ya Bunia ikiwaambia watu washike mapanga, mikuki na mishale wawaue Watutsi wa Rwanda. Ilikuwa hapa Kongo. Redio iliyopaswa kuwalinda raia iliwaita wawe wauaji.

Kati ya ubaya huo, wema pia ulionekana. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma na Bukavu kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikiwamaliza, redio ndogo iliyoitwa Agatashya, maana yake mbayuwayu, ilianza kusema kutoka Bukavu. Ilieleza mambo ya maji na magonjwa, na ilisema na watu wa makabila yote bila kutukana hata moja. Vita vya mwaka 1996 viliizima. Lakini ilituonyesha kwamba hata mahali penye chuki kubwa, redio safi inaweza kufanya kazi.

NCHI ILIYOKATWA, SAUTI ILIYOIUNGA

Kutoka mwaka 1998 nchi yetu ilikatwa vipande. Kinshasa ilikuwa na wake, Goma wake, Gbadolite wake. Kila upande ulishika vituo vya redio vilivyo kwake na kujisifu. Mtu wa Kisangani hakujua kwa hakika namna gani ndugu yake wa Mbandaka anavyoishi.

Tarehe 25 Februari 2002, siku yenyewe mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa huko Sun City, Afrika ya Kusini, Radio Okapi ilianza kusema. Ilianzishwa na ujumbe wa ONU pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi. Waandishi wake wengi walikuwa Wakongomani, na ilitangaza kwa Kifaransa na lugha zetu nne. Watu walioishi pande mbalimbali za mstari wa vita walianza kusikia habari ile ile, saa ile ile. Kazi hiyo haikuwa rahisi: waandishi wake wawili, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa kwa risasi mjini Bukavu.

Tunawaheshimu. Lakini tuseme kweli pia: kazi ile ilikuwa ya redio ya taifa. Redio ya nje ililetwa kuifanya kwa sababu redio yetu wenyewe ilishindwa. Mgeni akija kukuwashia moto jikoni mwako, unashukuru. Kisha unajiuliza kwa nini wewe mwenyewe hukuuwasha.

JE, REDIO YA FEZA YA WATU INAWEZA KUSEMA KWELI?

Mtu mmoja atauliza: redio inayolishwa na serikali inawezaje kusema kweli juu ya serikali? Ni ulizo zuri. Tutazame Uingereza, walipolishughulikia mapema. Kule, tangu mwaka 1922, kila nyumba yenye redio ililipa malipo ya mwaka kwa ajili yake. Mwaka 1926 kulitokea mgomo mkubwa wa wafanyakazi, na karibu magazeti yote yakasimama. Waziri mmoja mwenye nguvu, Winston Churchill, alitaka serikali iichukue redio. Mkubwa wa redio, John Reith, alikataa, na redio ikabaki mkononi mwake. Lakini hata yeye hakuwa mtu bila kosa: kiongozi wa chama cha upinzani hakupewa nafasi ya kusema wakati wa mgomo ule. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari 1927, redio ile ikawa shirika la umma lenye hati yake, lisiloamriwa kila siku na waziri.

Somo ni nini? Feza peke yake haileti utumwa, wala haileti uhuru. Jambo kubwa ni sheria inayomzuia mkubwa asiingize mkono wake, watu wa redio wenye uhodari wa kusema hapana, na wananchi wanaojua kwamba feza ile ni yao. Hapo kwetu feza ya serikali inatoka wapi? Inatoka kwa mama anayelipa kodi ya soko, kwa mwenye piki-piki, kwa mchimbaji, kwa mfanyabiashara mpakani. Hakuna falanga ya serikali ambayo haikutoka kwanza mfukoni mwa mtu.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi hawajui kwamba sheria ya nchi yetu imekwisha kujibu ulizo letu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 24, inasema kwamba vyombo vya habari vya serikali ni huduma ya watu wote, na kwamba mikondo yote ya siasa na ya jamii ina haki ya kuvifikia kwa usawa. Inataka habari zitolewe bila upendeleo na mawazo mbalimbali yasikike. Kifungu cha 212 kimeweka baraza la kusimamia jambo hilo, linaloitwa CSAC. Na kifungu cha 142 kinaiamuru serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu zilipotiwa sahihi.

Mmesikia, wazazi wangu? Mama asiyejua Kifaransa ana haki ya kusikia sheria ya nchi yake kwa Kiswahili. Si zawadi ya mkubwa, ni haki. Redio ya taifa, RTNC, ikisoma safari za wakubwa kwa nusu saa na kuwasahau watu wa kambini, haikukosa adabu tu. Imekosa sheria.

TUFANYE NINI SISI?

Mwaka 2025 tumeona tena yale tuliyoyaona zamani. Mwezi wa Januari Goma ilishikwa na waasi wa M23, mwezi wa Februari Bukavu ikafuata. Mamia ya maelfu ya watu walihama, wengi wao si kwa mara ya kwanza. Katika siku kama zile kila upande una sauti yake, na simu zinapeleka maneno kwa haraka kuliko redio. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Basi nyasi zijilinde.

Kwanza, tujue namna ya kusikiliza. Ukisikia habari, uliza: nani anasema? Ameona, ao ameambiwa? Upande wa pili umepewa nafasi ya kujibu? Na hasa hili: habari inamtaja mtu aliyetenda kosa, ao inalaumu kabila nzima? Siku ile redio yoyote inapoita kabila nzima adui, ama kuwaita binadamu kwa majina ya wadudu na nyoka, ujue haikupi habari tena. Inakupa panga. Zima redio, na nenda ukamwone jirani yako.

Pili, ninyi wami, machefu na wakubwa wa kambi, watu wanawaamini kuliko redio. Msirudilie tangazo ambalo hamkulihakikisha. Ukisema mbele ya watu «nilisikia», wao watasema «chefu amesema». Wekeni watu wawili ao watatu wa pande mbalimbali, mwanamke asikosekane, wahakikishe habari kabla watu hawajafunga mizigo ao kushika silaha.

Tatu, tuidai redio yetu kwa amani. Familia za wahamaji ziandike barua kwa kituo cha karibu: tunataka majina ya watoto waliopotea yasomwe, tunataka kujua njia zipi ni salama, tunataka na sisi tuseme, si kusemewa. Chefu aitie sahihi pamoja nao. Barua moja inaweza kutupwa. Barua 10 kutoka vijiji 10 zinasumbua kuzitupa.

Ndugu wasikilizaji, tulianza kwa ulizo: redio ya taifa ni mali ya nani? Wakoloni walisema ni yao. Wakubwa wa mwaka 1960 waliigombania kama kiti. Mobutu aliifanya kioo cha kujitazama. Wenye bunduki wakaifanya silaha. Na sheria ya Kongo inasema ni huduma ya watu wote. Kisima cha kijiji si cha yule anayesimama karibu nacho na fimbo. Ni cha wote wanaokunywa maji yake, na mtu akitia sumu humo, kijiji kizima kinapaswa kusimama.

 Mungu awalinde, na amani irudi nyumbani kwenu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KUNDI

1. Ni habari gani ya uongo iliyowahi kuwafanya watu wa kijiji chetu wakimbie ao wagombane? Nani aliileta, na nani angeweza kuizuia?

2. Katika redio tunayoisikiliza, ni watu gani ambao hawasikiki kamwe?

3. Tukiandika barua moja kwa redio ya taifa leo, tutaomba mambo gani matatu?

4. Nani katikati yetu atapewa kazi ya kuhakikisha habari, ili pande zote zimwamini?